Mazoezi manne kabla ya Nakuru: jibu kwa kocha mpya wa Ahero

Swali: Salamu nyingi, Mwalimu. Nina miaka 29, na wiki iliyopita nilikabidhiwa timu ya kwetu hapa Ahero baada ya kocha aliyekuwepo kuondoka. Katika mechi sita zilizopita tumepoteza tano. Mechi yangu ya kwanza ni Jumapili ijayo saa tisa alasiri, ugenini Nakuru, na nina mazoezi manne tu. Vijana wamezoea 4-4-2 (mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili), lakini mimi naamini 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu) na pasi fupi kuanzia kwa kipa. Nibadilishe sasa au nisubiri? Halafu kuna mshambuliaji wetu hodari aliyegombana na kocha wa awali, akawekwa nje mechi tatu. Nimpange?

Jibu: Kocha mwenzangu, pokea hongera kwanza, maana kupewa timu ya nyumbani kwenu katika umri huo ni heshima kubwa. Sasa jibu: usibadilishe mfumo. Nenda Nakuru na 4-4-2 ile ile. Hiyo 4-3-3 yako iweke mpaka upate wiki mbili au tatu za mazoezi na mechi ya nyumbani ya kuanzia.

Sisemi hivi kwa sababu 4-4-2 ni bora. Nasema kwa sababu ya hesabu. Mazoezi manne ya saa moja na nusu ni saa sita. Toa muda wa kupasha misuli, wa kunywa maji, wa kusubiri wanaotoka kazini wamechelewa, unabaki na saa nne hivi. Kumfundisha kipa na mabeki wanne kuanza mpira kwa pasi fupi huku wanafukuzwa na washambuliaji ni kazi ya miezi. Ukiwalazimisha Jumapili, watakupa pasi kwa sababu wewe ndiye kocha na wanataka kukupendeza, na mmoja wao atapoteza mpira mbele ya lango lenu. Lawama zitamwangukia yeye, nawe utakuwa umempoteza kwa msimu mzima.

Mimi nililipata somo hili kwa uchungu. Mechi yangu ya kwanza ugenini kama kocha mkuu, nilikuwa na umri kama wako. Tulilala katika bwalo la shule. Usiku wa kuamkia mechi nikapanga vizibo vya soda mezani, vyekundu wao, vya rangi ya chungwa sisi, nikavisogeza huku na huku kwa zaidi ya saa moja. Kona wanapiga hivi, sisi tunasimama hapa, mpira ukienda pale wewe unakwenda kule. Nilipomaliza, beki wangu wa kati, kijana mpole asiyependa kuuliza maswali, aliweka kidole juu ya kizibo kimoja akasema, "Mwalimu, huyu ni nani?" Kilikuwa ni yeye. Kesho yake tulifungwa dakika ya nne kwa kona. Nilimwona amesimama katikati ya washambuliaji wawili, anageuka kulia, anageuka kushoto, anatafuta katika kumbukumbu kile nilichomwambia usiku. Watu walimlaumu yeye. Kosa lilikuwa langu, na mpaka leo nikikumbuka yale macho yake roho inaniuma.

Kwa hiyo fundisha mambo mawili tu wiki hii: jinsi mnavyojipanga mkiwa hamna mpira, na mipira iliyokufa, yaani kona, frikiki na penalti.

Lakini kabla ya hayo, tumia zoezi la kwanza kutazama. Wagawe, wacheze kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, au tisa kwa tisa kama hawatoshi, dakika ishirini, na wewe unyamaze kabisa. Usipige filimbi kwa ajili ya kusahihisha. Tazama ni nani anaongea, nani akikosea wenzake wanamwinua, nani anapoteza mpira halafu anasimama ameshika kiuno. Baadaye waite watatu, mmoja mmoja: kipa, beki wa kati, na kiungo anayekaa chini. Waulize swali moja, "Mabao tunayofungwa yanatoka wapi?" Andika majibu, pamoja na dakika kama wanazikumbuka. Wachezaji wanajua. Ukisikia wote watatu wanataja upande wa kushoto, au dakika ishirini za mwisho, umepata dawa ya nusu ya ugonjwa bila kugusa mfumo. Usiwaulize kuhusu kocha aliyeondoka, na wakianza kumsema vibaya, badilisha mazungumzo. Wapo waliompenda, na wanakusikiliza.

Kuhusu kujipanga bila mpira, ninachotaka ni kitu rahisi. Mistari miwili ya wanne, na umbali kati ya mstari na mstari usizidi hatua kumi na tano. Mpira ukiwa kulia, wote wanasogea kulia, hata winga wa kushoto anaingia ndani mpaka karibu na katikati ya uwanja. Fanya bila wapinzani kwanza: wewe shika mpira, tembea nao upande hadi upande, na wao wasogee nawe kama kundi la ng'ombe linalofuata mchungaji. Kisha weka wapinzani sita. Dakika arobaini za zoezi hili siku ya pili, dakika ishirini siku ya tatu, yatosha. Ni zoezi la kuchosha akili, na vijana watalalamika. Waeleze kwa nini, halafu endelea.

Mipira iliyokufa ndiyo hazina ya timu ndogo inayosafiri, na hapa nakuomba utumie muda zaidi kuliko unavyodhani unahitajika. Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi, Uingereza walifika nusu fainali, na katika mashindano yote walifunga mabao 12; 9 kati ya hayo yalitokana na kona, frikiki na penalti. Wale wana wachezaji wanaolipwa mamilioni, lakini kona yao haikuhitaji kipaji ambacho vijana wako hawana. Ilihitaji kurudiwa.

Chagua kona moja tu ya kushambulia. Mpigaji mmoja, mguu mmoja, mahali pamoja: nguzo ya karibu, kimo cha kichwa. Mmoja anakimbilia nguzo ya karibu kugusa, wawili wanakwenda nguzo ya mbali kungoja mguso huo, mmoja anasimama mbele ya kipa bila kumsukuma, na mmoja anabaki ukingoni mwa eneo la hatari kwa mpira unaorudi. Wabakize wawili nyuma, na uwataje kwa majina. Irudie mara thelathini, na usiongeze ya pili.

Kwa kona za kujilinda, mimi naamini katika kulinda maeneo mnapokuwa na muda mfupi. Kumpa kila mtu mtu wake kunahitaji kuwajua wapinzani, nanyi hamuwajui. Mtu mmoja nguzo ya karibu, watatu walio warefu kwenye mstari wa eneo dogo la kipa, wengine mbele yao kuwazuia wakimbiaji. Kisha mwambie kila mmoja akuonyeshe alipo kwa kutembea na kusimama pale, si kwa kusema "nimeelewa". Mchezaji wa Kenya atakwambia ameelewa kwa adabu tu. Miguu yake ndiyo itakayokuambia ukweli.

Sasa Nakuru yenyewe. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na uwanjani ndivyo ilivyo, kila mtu anakuona. Katika viwanja vya ligi zetu za chini, mashabiki wanasimama hatua moja kutoka kwenye mstari. Winga wako akienda kurusha mpira, anasikia mtu akimtukana sikioni. Haya mambo yanafanya kazi, na zaidi kwa mwamuzi kuliko kwa mchezaji. Wakati wa corona, ligi nyingi za Ulaya zilipochezwa bila watu, watafiti walikuta faida ya kucheza nyumbani imepungua, na timu za ugenini zikipewa kadi chache kuliko zamani. Mwamuzi ni binadamu, anasikia kelele. Kwa hiyo vijana wako wakimzonga refa Jumapili, watakuwa wanaongeza kelele juu ya kelele, na watalipa wao. Mteue nahodha awe msemaji peke yake. Hata Euro 2024 kule Ujerumani walifanya hivyo, nahodha ndiye aliyeruhusiwa kumwendea mwamuzi kuuliza uamuzi. Nawe pia kwenye benchi, keti.

Jambo jingine ni kimo cha mahali. Ahero ni bondeni, mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Nakuru ni kama mita 1,850. Si La Paz ya Bolivia, ambako uwanja uko juu ya mita 3,600 na wageni hupewa hewa ya oksijeni, lakini mapafu yatatambua tofauti. Mbio za kwanza zitawachoma kifua, na kijana asiyeambiwa mapema atadhani ni mgonjwa au amelogwa. Mwambie. Kisha wakati wa kupasha misuli, baada ya kuanza polepole, wapige mbio nne tano za nguvu kabisa za mita ishirini, dakika kumi kabla ya kipyenga, ili ule mchomo wa kwanza uwapate kwenye mazoezi na si mechi ikiwa imeanza. Hewa nyepesi pia inaufanya mpira uende mbali zaidi kidogo. Kipa wako apigiwe krosi kumi na mipira mirefu kumi kabla ya mechi, maana ule anaodhani utadondoka mikononi mwake unaweza kumpita juu ya vidole.

Na ardhi. Nyinyi mmezoea udongo mweusi wa mashamba ya mpunga, ule unaoshika njumu ukilowa na kupasuka ukikauka. Sehemu nyingi za Nakuru zina vumbi jepesi la volkeno. Likiwa kavu mpira unateleza na kukimbia, na mvua ya alasiri ikinyesha kidogo hali inabadilika ndani ya nusu saa. Kila mwenye jozi mbili za viatu abebe zote mbili. Wenye jozi moja, na ninajua ni wengi, wakanyage uwanja wote kwanza, waone pembe zipi zina mashimo. Mimi huwa natembea uwanja mzima na mabeki wangu, polepole, tunafika mpaka kwenye bendera za kona.

Safari ni kama kilomita 160, kupitia Awasi, Kapsoit, Kericho, Mau Summit na Salgaa. Kama hamna pesa za kulala, ondokeni saa kumi na moja alfajiri na si baadaye, kwa sababu kipande cha Mau Summit hadi Nakuru kina malori mengi, na lori moja likiharibika barabarani hesabu yako yote imekwisha. Simameni Kericho dakika kumi na tano, watu wanyooshe miguu. Kule ni baridi, kila mtu awe na sweta. Asubuhi uji na mkate. Mlo wa mechi uwe saa tano, wali wa kwenu Ahero na kuku wa kuchemsha, chumvi kidogo, mafuta machache. Ubebeni umepikwa. Maharage hapana, mala hapana, na ukiona mchezaji anashuka kununua nyama choma kando ya barabara, mrudishe garini kwa upole. Kadi za usajili, jezi za rangi ya pili, na sanduku la huduma ya kwanza vikaguliwe Jumamosi jioni, si Jumapili.

Kabla ya mechi uliza kanuni za ligi yenu kuhusu wachezaji wa akiba, kama ni watatu au watano. Mahali penye watano, mara nyingi unaruhusiwa kusimamisha mchezo mara tatu tu kuwaingiza, ukiacha mapumziko. Kwa sababu ya kile kimo nilichotaja, wawili kati yao usiwatumie mpaka dakika ya sitini na tano hivi, hasa kwa mawinga. Na mkumbushe kipa sheria iliyoanza msimu wa 2025/26: akishika mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Zamani kipa wa ugenini aliukumbatia mpira akapumua, akatazama mawingu. Sasa mwamuzi anainua mkono anahesabu sekunde tano za mwisho, na kona mbele ya mashabiki wa nyumbani ni zawadi ambayo hutaki kuitoa.

Utasikia watu wakisema kocha mpya huleta bahati. Yapo matokeo yanayofanana na hilo. Gor Mahia walimpoteza kocha wao Bobby Williamson katikati ya msimu wa 2014 alipokwenda Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya. Frank Nuttall akaja, wakatwaa ligi, na 2015 wakaitwaa tena bila kufungwa hata mechi moja. Lakini tazama alirithi nini: kikosi kilichokuwa bingwa wa 2013 tayari. Watafiti waliochunguza ligi kuu ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004 waliona timu zilizofukuza kocha zikiinuka baada ya kipindi kibaya, na zile zilizopitia kipindi kibaya kama hicho bila kumfukuza kocha zikiinuka vilevile. Timu iliyopoteza tano kati ya sita ina uwezekano mkubwa wa kufanya vizuri zaidi, hata ungekuja wewe au mimi. Nakuambia haya ili ushindi wa Jumapili, ukija, usikudanganye kwamba kazi imekwisha, na ili kichapo, kikija, kisikuvunje.

Mfano wa karibu zaidi ni Benni McCarthy. Mechi yake ya kwanza na Harambee Stars, Machi 2025, ilikuwa dhidi ya Gambia huko Abidjan. Walikuwa nyuma, wakarudi, ikaisha 3-3, na nchi nzima ikasema tumepata mwokozi. Siku tatu baadaye wakafungwa 2-1 na Gabon hapa hapa nyumbani, uwanja wa Nyayo. Agosti mwaka huo huo, kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Kenya iliwafunga Kongo ya Kinshasa, Morocco na Zambia, ikafika robo fainali. Ukiisoma mechi ya kwanza peke yake, au ya pili peke yake, hutamwona kocha huyo ni nani.

Kwa hiyo Jumapili lenga nini? Mimi ningelenga sare bila aibu. Sare ugenini ina thamani, na sisi watu wa ziwa tunajua hivyo kuliko wengine: mwaka 1987 Gor walitoka sare 2-2 na Espérance kule Tunis, wakarudi Nairobi wakatoka sare 1-1, na Kombe la Washindi barani Afrika likabaki Kenya kwa yale mabao mawili ya ugenini, maana Espérance ugenini walikuwa na moja tu. Waambie vijana wako hadithi hiyo garini, mkiwa mmepita Kericho. Wengi walizaliwa miaka mingi baadaye, lakini baba zao wanaikumbuka.

Mkifungwa mapema, nahodha auokote mpira wavuni mwenyewe, atembee nao hadi katikati bila kukimbia, na kwa dakika tano asiwepo anayejaribu chenga. Mistari miwili ya wanne, mnarudi kwenye kile mlichojizoesha. Wakati wa mapumziko, waache kimya dakika tatu za kwanza, wanywe maji, wavue viatu. Kisha sema mambo mawili, si matatu, na jambo la kwanza liwe lile wanalolifanya vizuri.

Sasa huyu mshambuliaji. Mpange, aanze. Kijana aliyekaa nje mechi tatu ana njaa, na wenzake wanajua ndiye anayefunga. Ukimwacha benchi watadhani ule ugomvi umeurithi pamoja na timu. Lakini zungumza naye kabla, nyinyi wawili tu, ikiwezekana uende kwao nyumbani. Usimuulize nani alikuwa na makosa. Mwambie utakachomdai: mpira ukipotea, awe mtu wa kwanza kumsumbua beki wa kati wao, na asipofanya hivyo utamtoa, hata kama amefunga. Akikubali, mwulize mama yake hali, kunywa chai, uondoke. Fanya hivyo Jumatano. Ukingoja hadi Jumapili ndani ya matatu, wenzake wote watakuwa wanasikiliza, na hataweza kukubali hata akitaka.